Swali la Kabaka Mutesa: Dini Ipi Iliyo ya Kweli?

Ndugu wasomaji, nawaomba mnivumilie nikianza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Siku moja darasani tulikuwa tukisoma habari za Namugongo, mahali palipo karibu na mji wa Kampala, ambapo tarehe 3 Juni 1886 vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa kuwa walikataa kuiacha dini yao. Niliwaeleza watoto kwamba miongoni mwao walikuwamo Wakatoliki na Waprotestanti, na kwamba miaka kama kumi kabla yao Waislamu nao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga. Nilipokwisha kusema, mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, ikiwa wote walikubali kufa, dini ipi ilikuwa ya kweli?" Nikamwambia aketi, kwa sababu swali hilo halimo katika somo letu. Akaketi. Baadaye mwenzake akaniambia kwamba bibi yake mzaa mama, aliyekuwa Mwislamu, alikuwa amezikwa juma lile, na mtoto mwenyewe amebatizwa. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuuliza kwa kunijaribu. Aliuliza kwa ajili ya bibi yake.

Tangu siku hiyo swali lile halikuniacha. Nikarudi katika historia, nikaona ya kuwa mtoto yule hakuwa wa kwanza. Mfalme mkubwa wa Buganda aliliuliza mbele ya baraza lake mwaka 1879, wala wakubwa waliokuwapo hawakuweza kulijibu vizuri kuliko nilivyolijibu mimi. Basi nataka tuyatazame mambo hayo kwa utaratibu, maana yana mafundisho kwetu sote, wa dini yo yote tulio.

Katika dini za kitabu, Uislamu ndio uliotangulia kufika Buganda. Mnamo mwaka 1844 mfanyi biashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa katika jumba la Kabaka Suna, baba yake Mutesa. Yasimuliwa kwamba siku moja, watu walipokuwa wakiuawa kwa amri ya mfalme, mgeni huyu alisimama akamwambia kwamba watu wale ni viumbe vya Mungu, Mungu yule yule aliyempa yeye Suna ufalme wake, na kwamba kuwaua bure ni dhambi. Baraza zima likashangaa, maana hapakuwa na mtu aliyethubutu kunena hivyo. Suna hakumwua, bali alitaka kusikia zaidi habari za Mungu huyo. Naomba neno hili la Ahmed mliweke akilini, maana tutalirudia mwisho.

Mutesa alitawala tangu mwaka 1856. Aliwakaribisha Waarabu na Waswahili waliotoka Unguja, wakileta nguo na bunduki na kuchukua pembe za ndovu na watumwa. Alijifunza kusoma herufi za Kiarabu, na tangu mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi. Akaamuru watu wake nao wafunge, na misikiti ijengwe. Lakini yeye mwenyewe hakutahiriwa, kwa sababu desturi ya nchi ilikataza damu ya Kabaka isimwagike. Hata wakaondokea vijana walioishika dini kwa bidii kuliko mfalme aliyewaamuru kuishika. Hao walisema kwamba mtu asiyetahiriwa hawezi kuwasalisha, wala nyama ya jumba lake haikuwa halali kwao. Mutesa akaona wanamdharau, na mnamo mwaka 1876 makumi yao wakauawa. Tazameni ajabu hii: mfalme aliwaagiza watu waifuate kweli, nao walipoifuata kwa kadiri walivyoiona, akawaua, maana sasa walikuwa na Bwana mwingine aliye juu yake.

Wakati huo Wakristo walikuwa wamekwisha kuja. Mwezi wa Aprili 1875 alifika H. M. Stanley, akazungumza na mfalme habari za Kikristo, kisha akaandika barua iliyopigwa chapa katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi wa Novemba, akiwaita walimu wa Kikristo waje Buganda. Akamwachia mfalme kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misioni ya U.M.C.A. huko Unguja, awe akimsomea maandiko na kumwandikia barua. Walimu wa kwanza wa C.M.S. walifika mwaka 1877, na mwezi wa Novemba 1878 akafika Alexander Mackay, fundi kutoka Scotland. Mwezi wa Februari 1879 akafika Padre Siméon Lourdel wa Mapadre Weupe, Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapera. Hivyo wakakutana katika baraza moja Waislamu, Waprotestanti, Wakatoliki, na wenyeji walioshika miungu ya wazee wao. Na katika mazungumzo ya mfalme na wageni hao Kiswahili chetu kilitumika sana. Waganda walichukua kwetu neno hili kusoma, wakalifanya kuwa na maana ya kufuata dini pia, na waumini wakaitwa wasomaji.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni 1879, Mackay alikuwa akiongoza sala mbele ya mfalme. Watu wote wakapiga magoti isipokuwa mapadre, ambao walibaki wameketi. Mutesa akawauliza sababu: je, hawamwamini Yesu? Lourdel akajibu kwamba hawawezi kushiriki katika dini ile kwa kuwa si ya kweli, na kwamba Waprotestanti walikuwa zamani katika Kanisa lakini wakaasi, na sasa wanafundisha uwongo. Mackay naye akajitetea kwa kueleza kwa nini watu wake walijitenga na Papa. Mfalme akafadhaika. Akauliza kama kila taifa la Wazungu lina dini yake mbali, na kama ni hivyo, yeye atajuaje iliyo ya kweli.

Wasomaji wapenzi, fikirini hali yake. Aliombwa akate kesi ambayo ugomvi wake ulianza Ulaya zaidi ya miaka 300 kabla ya siku ile, na mashahidi wake wamekwisha kufa wote, na hati zake zimeandikwa kwa lugha asizozijua. Wanaomletea kesi hiyo ni wageni wawili, ambao kila mmoja ni hodari, kila mmoja ameacha nyumba ya baba yake, na kila mmoja yu tayari kufa. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mfalme afanye nini?

Wako wasemao kwamba Mutesa alikuwa kigeugeu tu, aliyetafuta bunduki wala si Mungu. Ni kweli alihitaji bunduki, maana serikali ya Misri ilikuwa ikijongea kutoka kaskazini, naye aliogopa nchi yake isimezwe. Ni kweli pia kwamba mwezi wa Desemba 1879, akiwa mgonjwa, alimkaribisha mjumbe wa Mukasa, mungu wa Ziwa, na baraza likasema dini za Waarabu na za Wazungu ziachwe zote mbili. Hata alipofariki mwezi wa Oktoba 1884 hakuwa ametahiriwa wala kubatizwa. Lakini swali jema halibatiliki kwa sababu limeulizwa na mwenye hila. Tuliangalie basi swali lenyewe, na tuzijaribu mizani ambazo watu wa siku zile walizitumia kulipimia.

Mizani ya kwanza ni ujuzi wa mikono. Mackay alikuwa na kiwanda cha uhunzi, akapiga chapa karatasi za kusomea, na mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, yeye ndiye aliyefanya majeneza makubwa ya kumzikia. Watu wengi walisema, Mungu wa watu wenye akili namna hii lazima awe wa kweli. Lakini jeneza lilishuhudia kwamba Mackay ni fundi, halikushuhudia zaidi ya hapo. Tena hapo kale Waarabu ndio waliowafundisha watu wa Ulaya hesabu na uganga. Je, siku hizo kweli ilikuwa kwa Waislamu, kisha ikahama kufuata viwanda? Mtu hawezi kusema hivyo bila kucheka.

Mizani ya pili ni kitabu. Watu walisema, dini yenye maandiko ni bora kuliko isiyo nayo. Lakini Mwislamu alikuwa na kitabu, na Mkristo alikuwa na kitabu. Na hao wawili walioshindana vikali siku ile ya Juni walikuwa wakikiri Injili zile zile nne. Kitabu hakikuwapatanisha, kwa maana ugomvi wao ulihusu nani mwenye amri ya kukifasiri.

Mizani ya tatu ni damu ya mashahidi, na hii ndiyo iliyomsumbua mwanafunzi wangu. Kila dini husema, tazama jinsi watu wetu walivyokufa kwa ushujaa. Lakini Waislamu walikufa mwaka 1876. Vijana watatu wa Kiprotestanti waliuawa tarehe 31 Januari 1885. Yosefu Mukasa, Mkatoliki, aliuawa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Na siku ile ya 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waprotestanti waliteketea katika moto mmoja. Kifo cha mtu huonyesha kwamba anasadiki asemayo kwa moyo wote, na hilo si jambo dogo. Walakini hakionyeshi kwamba asemayo ndivyo yalivyo. Kama damu ingalikuwa mizani, zingalishinda dini tatu kwa pamoja.

Mizani ya nne ni ushindi wa vita, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishikamana wakamwondoa Mwanga. Haukupita mwezi wa Oktoba kabla Waislamu hawajawafukuza Wakristo, wakashika nchi. Mwaka uliofuata Wakristo wakarudi wakipigana, na mwaka 1890 wakawa wamewashinda Waislamu. Je, waliketi kwa amani? Hasha! Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe pale Mengo, na Waprotestanti wakashinda, kwa kuwa Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alikuwa upande wao na bunduki ya Maxim. Watu hawakusema tena huyu ni Mprotestanti na huyu ni Mkatoliki. Walisema huyu ni wa Waingereza na huyu ni wa Wafaransa. Katika miaka minne kweli ingalihama mara tatu, kama ushindi ndio dalili yake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa walikuwa wakulima waliochomewa nyumba zao, ambao wengi wao hawakujua hata neno moja la mabishano ya Mackay na Lourdel.

Basi mizani zote nne zimeanguka. Mtu mwenye akili atasema sasa: wewe mwalimu umekwisha kuonyesha kwamba hakuna dini iwezayo kudai kweli. Tena ataongeza hoja nyingine, akisema kwamba kila mtu hufuata dini aliyozaliwa nayo. Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Lourdel alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1853 katika watu wa Kikatoliki. Kama wangalibadilishwa wakiwa wachanga, huenda kila mmoja angaliyasema siku ile maneno ya mwenziwe.

Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Lakini haifiki mwisho wa njia. Mimi nawafundisha watoto kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Wanalisadiki kwa sababu nimewaambia mimi, na kama wangalifundishwa na mwalimu mjinga wangalisadiki jingine. Hata hivyo saba mara nane hubaki hamsini na sita. Jinsi mtu alivyolipata neno si dalili kwamba ni kweli, wala si dalili kwamba ni uwongo. Inampasa tu kunyenyekea, akumbuke ya kuwa amelipokea kabla hajalipima.

Wala sikubaliani na wale wapendao kumaliza ugomvi kwa kusema kwamba dini zote ni sawa. Mwislamu husema Isa hakusulubiwa. Mkristo husema alisulubiwa, akafa, akafufuka. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote pamoja. Kusema kwamba ni mamoja ni kuwadharau watu wa Namugongo, kana kwamba walikufa kwa ajili ya neno lisilo na maana. Amani inayojengwa juu ya kutosikilizana ni nyumba ya udongo wakati wa masika.

Je, tushike lipi? Nadhani lugha yetu yenyewe ina jibu ambalo baraza la Mutesa halikuliona. Kwa Kiswahili mtu afaye kwa ajili ya dini huitwa shahidi, na mtu asimamaye barazani kusema aliyoyaona huitwa shahidi vile vile. Shahidi hadai kwamba kweli ni mali yake, kama shamba lenye mipaka. Husema, mimi nimeona hivi, nimesikia hivi, nami niko tayari kuulizwa. Aweza kuwa ameona sawasawa. Aweza pia kuwa amekosea, au ameona upande mmoja tu. Lakini jambo moja hawezi kulifanya: hawezi kuwa shahidi na kadhi katika kesi ile ile. Lourdel na Mackay walikuja Buganda wakiwa mashahidi, na kama wangalisimama hapo, mfalme angaliwasikiliza na kupima. Kosa lao ni kwamba kila mmoja alitoa ushahidi, kisha akampitishia mwenzake hukumu. Na wafuasi waliokuja nyuma yao wakaongeza la tatu, wakashika na bunduki ya kuitimizia hukumu hiyo.

Basi kwa maoni yangu dini yaweza kudai kweli, na ni lazima idai, la sivyo haina la kumwambia mtu. Lakini yaweza kudai kama shahidi tu. Ikidai kama kadhi, imechukua kiti kisicho chake, na kwa waumini wenyewe kiti hicho ni cha Mungu.

Hapa ndipo tunapomrudia Ahmed bin Ibrahim. Neno la kwanza la dini ya kitabu tunalosimuliwa kwamba lilinenwa katika baraza la Buganda halikuwa dini yangu ni ya kweli na yako ni ya uwongo. Lilikuwa kwamba mtu huyu unayetaka kumwua ni kiumbe cha Mungu. Suna aliyekuwa hana kitabu alilisikiliza. Watu wa mwaka 1888 na wa mwaka 1892, waliokuwa na vitabu mikononi, walilisahau. Sisemi kwamba neno hilo latuonyesha dini ipi iliyo ya kweli, maana linapatikana katika dini hizo zote. Nasema kwamba latuonyesha ni nani anayestahili kusikilizwa anapodai.

Mackay alifariki kwa homa huko Usambiro, kusini mwa Ziwa, tarehe 8 Februari 1890. Lourdel alifariki Buganda tarehe 12 Mei mwaka ule ule. Washindani wale wawili wakaenda kwa Kadhi wao kwa kupishana miezi mitatu tu, naye hajatuletea habari ya hukumu. Hata mwezi wa Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu, aliwakumbuka na wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Neno hilo lingaliweza kunenwa mbele ya Mutesa siku ile ya Juni, na pengine lingaliokoa watu wengi.

Nami nilimwita mwanafunzi wangu baada ya masomo, nikamtaka radhi kwa kumnyamazisha. Nikamwambia kwamba mimi nasadiki niliyofundishwa, na sababu zangu yuko huru kuniuliza siku yo yote, lakini habari ya bibi yake sikupewa mimi kuihukumu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba bibi yake ndiye aliyekuwa akimwamsha kila Jumapili asichelewe kanisani.

Wasalaam.